Nyimbo Zilizopanda Jahazi

Watu wengi wakizungumzia asili ya bluzi husema ilitoka Afrika, kisha wananyamaza, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja chenye mtemi mmoja na ngoma moja. Kijana wa Nachingwea anayejifunza gitaa ana haki ya kuuliza: katika hiyo Afrika, na sisi tumo? Babu wa babu yake, Mmwera au Myao aliyefungwa kongwa shingoni na kupelekwa pwani, je, sauti yake ilifika Mississippi? Jibu ni hapana, au kwa uangalifu zaidi, karibu hapana. Nimekutana na wapenzi wa muziki ambao jibu hilo linawaudhi, kwa sababu bluzi imekuwa alama ya heshima na kila mtu angependa awe na fungu lake humo. Mimi naona hapana hiyo ina faida kubwa. Ukiikubali, unaacha kutazama Atlantiki, unageuza shingo upande wa pili, na hapo unaanza kuwaona ndugu ambao hukujua kama unao.

Tuanze na hao wa Atlantiki. Katika karne nne za biashara ile, watu wapatao milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kwenye pwani za Afrika. Walioshushwa moja kwa moja katika nchi ambayo leo ni Marekani ni kama 388,000, chini ya 4 katika kila 100 waliofika ng'ambo wakiwa hai. Waliobaki walipelekwa Brazili na visiwa vya Karibi. Ndani ya hao 388,000, kundi kubwa lilitoka Senegambia, pwani ya Guinea, ghuba ya Biafra, na Kongo na Angola. Louisiana ilipokuwa koloni la Wafaransa, miaka ya 1720, sehemu kubwa ya waliopelekwa huko walitoka Senegambia, nchi ya wapiga ngoni, xalam na akonting, ala za nyuzi zenye kibuyu au gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi. Banjo ya Marekani ni mjukuu wa ala hizo.

Jambo la pili ni sheria. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi karibu na mto Stono, wakaandamana wakipiga ngoma. Mwaka uliofuata wenye mashamba walitunga sheria iliyopiga marufuku ngoma na baragumu, kwa kuwa walijua sasa kwamba ngoma huita watu. Sheria za namna hiyo, pamoja na hofu iliyozizaa, ziliusukuma muziki wa watu weusi wa nchi ile kuelekea kwenye nyuzi, sauti ya koo, makofi na mguu unaopiga sakafu. Aliyezoea kuimba peke yake huku akidonoa nyuzi alipata nafasi ya kuendelea. Aliyezoea kupiga ngoma tatu zinazojibizana alinyamazishwa.

Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Vienna aliyeanza kutembea Afrika mwaka 1959, ndiye aliyelifuatilia suala hili kwa subira kuliko wengi. Kitabu chake kuhusu Afrika na bluzi, kilichotoka mwaka 1999, kinaonyesha ukanda wa savana kuanzia Mali kupita kaskazini mwa Nigeria hadi Kameruni kuwa ndiko kwenye undugu wa karibu zaidi. Katikati ya Kameruni, mwaka 1964, alimrekodi mwanamke wa Kitikar akiimba peke yake huku akisaga nafaka kwenye jiwe, akilalamikia maisha yake. Sauti ile, inavyoteremka, inavyokokota silabi moja juu ya noti kadhaa, inavyofuata mwendo wa kazi ya mikono, inafanana na mwanamke wa Mississippi aliyerekodiwa miongo kadhaa kabla. Kubik alifanya kazi pia huku kwetu, Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji, kwa hiyo hakuzungumza kama mgeni. Alijua kwamba Wamakonde huimba sauti mbili tatu zikipanda na kushuka pamoja. Muziki wa namna hiyo haukuwa na haja ya noti za bluzi zilizopinda.

Basi kwa nini sauti hizo za kusini hazikwenda magharibi? Kwa sababu ya upepo na soko. Pwani ya Kilwa, Lindi na Mikindani inaishi kwa kusi na kaskazi. Kusi hulisukuma jahazi kuelekea Arabuni, kaskazi hulirudisha. Mtu kutoka bara la Kusini angeweza kufika Amerika kwa kuzunguka rasi yote ya kusini mwa Afrika tu, na waliopitishwa njia hiyo, wengi wao kutoka bandari za Msumbiji, kwa sehemu kubwa waliishia Brazili. Kwa Kilwa, wanunuzi walikuwa karibu zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Karne iliyofuata karafuu ya Unguja na Pemba, tende za Oman na lulu za Ghuba zilizidi kuvuta watu. Kufikia miaka ya 1860 watumwa wapatao 20,000 waliingia Unguja kwa mwaka, na wengi mno kati yao walipitia Kilwa Kivinje.

Tazama sasa Nachingwea na Ruangwa zilipo kwenye ramani. Kaskazini kuna mto Mbwemkuru, kusini bonde la Lukuledi. Njia kubwa ya misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita upande wa Liwale, na njia ya kwenda Lindi ilipita Masasi na kuteremka na Lukuledi. Nchi ya Wamwera imekaa katikati ya barabara hizo mbili. Wafanyabiashara wa Kiyao walipita na pembe za ndovu na watu. Waungwana wa pwani na Waarabu walinunua, na matajiri wa Kihindi wa Unguja walikopesha mtaji. Majirani waliuza majirani mwaka wa njaa, na Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walivamia na kuchukua mateka. Siwezi kuandika habari hii kwa kumlaumu mmoja na kuwasitiri wengine. David Livingstone, akipanda Ruvuma mwaka 1866 baada ya kushukia Mikindani, aliandika juu ya mwanamke aliyemkuta amekufa, amefungwa shingo kwenye mti, kwa kuwa alishindwa kwenda na msafara.

Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa kwa mkataba kati ya Seyyid Barghash na Waingereza, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta kundi la watu waliokombolewa, wengi wakiwa na asili ya upande wa Nyasa, ili wakaanze upya kwao. Walikomea Masasi. Walirudi wakiwa na Kiswahili cha Unguja na tenzi za kanisa, wakakaa kati ya Wamakua na Wayao wenye jando na unyago wao. Mwaka 1882 Magwangwara walivamia Masasi, wakaua na kuteka baadhi ya hao hao waliokuwa wamekombolewa. Kwa hiyo nchi hii, ndani ya maisha ya mtu mmoja, iliona watu wakitolewa, wakirudishwa na kutolewa tena, na kila safari ilikuwa na nyimbo zake.

Je, tunajuaje chochote kuhusu sauti zenyewe? Kwa sehemu ni kwa bahati, na bahati hiyo ilikuja wakati mbaya. Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha. Vilianza Umatumbi Julai 1905, vikaenea kwa Wangindo na Wamwera, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zikachomwa moto, na baadaye jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuteketeza vyakula hadi njaa ikawa silaha. Katikati ya nchi hiyo iliyojeruhiwa aliingia Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka jumba la makumbusho la Leipzig. Alitoka Lindi, akapanda hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Kiyao, kisha akaenda Newala na Mahuta kwenye nyanda za Makonde. Alibeba kamera, mashine ya sinema, na fonografu yenye mitungi ya nta.

Weule alikuwa mtu wa zama zake, na kurasa zake nyingi zinauma kusoma. Anazungumza juu ya wenyeji wake kama mtu anayepanga vielelezo kabatini. Hata hivyo masikio ya mashine yake hayakuwa na dharau. Ilinasa Wayao, Wamakua, Wamakonde, pamoja na wapagazi wake Wanyamwezi. Mitungi hiyo ilihifadhiwa katika hazina ya sauti ya Berlin, ambayo mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Hakuna mahali pengine, kwa upande huu wa Tanzania, ninapojua sauti za kale kiasi hicho.

Mmoja wa watu aliowakuta ni mwimbaji kipofu wa Masasi aitwaye Sulila. Picha yake ipo katika kitabu cha Weule, nje ya boma. Niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza nilisimama hapo muda mrefu. Bluzi ya zamani imejaa vipofu: Blind Lemon Jefferson wa Texas, Blind Willie Johnson, Blind Blake, watu ambao jembe liliwakataa na gitaa likawapokea. Sulila aliimba mbele ya boma la Masasi miaka 14 kabla ya Mamie Smith kurekodi "Crazy Blues" mjini New York mwaka 1920. Hawakuwa na damu moja wala shule moja, na sidai kwamba kuna uzi unaowaunganisha. Waliunganishwa na hali: mtu asiyeweza kulima wala kubeba mzigo, katika nchi ambapo mwili wa mtu mweusi unathaminiwa kwa kazi yake, anatafuta chakula kwa sauti na kumbukumbu. Mkazo huo wa kiuchumi hufanya kazi popote, na mara nyingi unachukuliwa kimakosa kuwa mzizi.

Mzizi wenyewe unafuatwa kwa alama nyingine: umbo la ala, jinsi inavyoshikwa, jina linalosafiri nayo, nani anaruhusiwa kuipiga na lini. Kwa alama hizo, ushahidi wa Kusini uko mashariki, na kituo cha kwanza ni Unguja.

Wanawake waliopelekwa Unguja kutoka bara la Kusini walinyang'anywa majina, jamaa na ardhi. Kitu ambacho hakuna tajiri aliyeweza kuwanyang'anya ni elimu ya kumtoa msichana utotoni. Unyago wa Unguja, wenye ngoma ndefu iitwayo msondo, makungwi wake na nyimbo zake za mafumbo, una alama za Wayao, Wanyasa na Wamakonde waziwazi. Baada ya utumwa kufutwa kisiwani mwaka 1897, unyago uliwapa wajukuu wa watumwa nafasi ya kusimama kama walimu mbele ya watoto wa waungwana, kwa sababu mwali ni mwali, na kungwi hajali baba yake anamiliki mikarafuu mingapi. Hilo ni jambo kubwa kuliko watalii wanavyoambiwa.

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, ndiye aliyeipeleka elimu hiyo duniani. Alijifunza taarabu kwa kumsikiliza Siti binti Saad, lakini unyago aliufanya maisha yake yote, msondo ukiwa katikati ya mapaja, amefungwa kanga kiunoni, sauti imekwaruzwa na sigara. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Wazungu waliomsikia walimfananisha na waimbaji wa bluzi, na naelewa kwa nini: ule ujasiri wa kusema mambo ya mwili bila kuomba radhi, lile koo lisilotafuta uzuri. Lakini ukitaka kusikia ndugu halisi wa nyimbo zake, panda basi la kwenda Ruangwa msimu wa mavuno ya Juni na Julai, watoto wanapotolewa unyagoni na jandoni. Utasikia mtoa wimbo akitupa mstari, wanawake wakiudaka, vigelegele vikikata katikati, na fumbo ambalo mwanamume anayepita njiani analisikia asilielewe. Jina msondo lenyewe limezoeleka sana mjini. Bendi ya NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 imeishia kuitwa Msondo Ngoma, na mashabiki wake wa Dar es Salaam wanalitaja jina hilo kila wikiendi.

Ngoma ya msondo yenyewe haikukomea Unguja. Sur, Batina, Dubai, Bahrain, Kuwait, Bandar Abbas ng'ambo ya Ghuba, kote huko kuna ngoma iitwayo leiwa. Watu huzunguka duara polepole, wapiga ngoma wakiwa katikati, na mpuliza zumari akitembea ndani ya duara kama anayemtafuta mtu. Mojawapo ya ngoma hizo huitwa msondo hadi leo, na maneno ya Kiswahili yamo kwenye nyimbo, mengine yamechakaa hata waimbaji wenyewe hawajui maana yake. Babu zao walipiga mbizi kutafuta lulu, walipanda na kumwagilia mitende. Soko la lulu la Ghuba liliporomoka kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Wajapani walipoingiza lulu za kufugwa, na mafuta yakaja baadaye. Leiwa ikahamia harusini, kisha kwenye sherehe za taifa na televisheni. Inapendeza kuiona huko, imevalishwa kanzu nyeupe. Huzuni yangu ni kwamba mtangazaji huitaja kama urithi wa bahari, na neno utumwa halitamkwi.

Gujarati, magharibi mwa India, Wasidi hucheza goma mbele ya kaburi la walii wao Bava Gor, huko Ratanpor. Wana ngoma iitwayo musindo, na nyingine inayosimama kwa miguu kama kumbwaya yetu. Wana pia malunga, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, unaogongwa kwa kijiti. Upinde wa namna hiyo unajulikana kusini mwa Tanzania na Msumbiji, unapatikana Brazili ukiitwa berimbau, na uko Réunion ukiitwa bobre. Uzi mmoja ulitosha kuvuka bahari mbili. Huko Mississippi nako watoto walipigilia waya ukutani mwa nyumba na kuteleza chupa juu yake, na wapiga gitaa kadhaa wa bluzi walianzia hapo. Kubik anauhusisha waya ule na Afrika ya kati, upande wa Kongo. Hapo, kwenye uzi mmoja, ndipo dunia ya Kilwa na dunia ya Mississippi zinapokaribiana kuliko mahali pengine, na napenda kulisema hilo bila kulivuta zaidi ya urefu wake.

Réunion inastahili muda zaidi, kwa kuwa ndiko muziki wa waliotoka pwani yetu ulikopita njia inayofanana sana na ya bluzi. Watumwa walifanya kazi kwenye kahawa, halafu kwenye miwa. Walitoka Madagaska, Msumbiji na bandari za Kilwa, wakachanganywa makusudi ili wasielewane. Tarehe 20 Desemba 1848 watu wapatao 62,000 waliachiwa huru, wakaingia katika uhuru bila ardhi, na Wahindi wa mkataba wakaletwa kuchukua nafasi zao kwa ujira mdogo. Muziki wao, maloya, uliimbwa usiku uani, mara nyingi kwa ajili ya kuwakumbuka wazee waliofariki: mtu mmoja anaanza, wengine wanajibu, ngoma kubwa ya pipa inakaliwa na mpigaji kama farasi, na kayamb inatikiswa kwa mikono miwili. Hiyo kayamb ni kayamba. Kwenye pwani yetu hutengenezwa kwa matete, na mbegu ndani. Wao walichukua mabua ya maua ya muwa, yaani walitengeneza ala yao kwa takataka za shamba lililowatesa.

Kwa miongo mingi wakubwa wa kisiwa waliuona muziki huo kuwa kelele za washamba na wachawi, na redio haikuupa nafasi. Chama cha Kikomunisti cha Réunion ndicho kilichousimamisha jukwaani, na mwaka 1976 kikatoa sahani iliyombeba Firmin Viry, mkata miwa na mwimbaji. Baada yake alikuja Danyèl Waro, fundi anayetengeneza ala zake mwenyewe, akauimba hadi Ulaya. Mwaka 2009 UNESCO ikautambua. Shamba, uhuru usio na ardhi, dharau ya redio, mkulima anayegeuka msanii wa sahani: weka pamba mahali pa miwa na utadhani unasoma habari za mwanabluzi Charley Patton kwenye shamba la Dockery, huko Mississippi. Ndiyo maana nasema, mtu wa Ruangwa anayetaka bluzi yenye damu ya njia ya Kilwa asikilize maloya kabla hajasikiliza kitu kingine.

Na waliobaki nyumbani je? Bluzi haikuzaliwa na asili peke yake. Ilizaliwa na kambi za kazi, reli, mishahara ya wiki na watu walio mbali na mama zao. Kusini palikuwa na hayo yote. Wanaume walikwenda manamba kwenye mkonge wa Lindi na Tanga. Kisha mwaka 1947 Waingereza wakaja na mpango wa karanga, ukiwa na vituo vitatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikwatua pori lisilotaka kukwatuliwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikavutwa hadi Nachingwea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli ilifungwa mapema miaka ya 1960, ikang'olewa. Katika miaka hiyo michache mji ulijaa vibarua kutoka kila upande, kila kundi na ngoma yake ya Jumamosi, na beni, ile ngoma ya magwaride na vyeo vya kuigiza ambayo tayari ilikuwa imeenea Lindi na kwa Wayao, ilipata wachezaji wapya.

Shamba namba 17 la mpango ule lilipewa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kuwa kambi ya mafunzo katikati ya miaka ya 1960. Vijana wa Kimakonde, Kimakua, Kinyanja na wa kusini kabisa mwa Msumbiji waliimba pamoja hapo alfajiri, kwaya za sauti nne juu ya miguu inayokanyaga, na mwaka 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea kwenda kuitangaza nchi huru. Wazee wengi wa Nachingwea bado wanazikumbuka nyimbo hizo kuliko hotuba. Gitaa nalo lilifika, kwa sahani za Kikongo na kwa redio, na kijana wa Kilwa, Ahmed Kipande, akaongoza Kilwa Jazz mjini Dar es Salaam. Mafadhaiko ya kambi, reli iliyokuja na kuondoka, mapenzi yaliyoachwa nyuma: yote yaliimbwa. Lakini mtu wa Kusini aliyaimba akiwa na ndugu pande zote, kwenye ngoma ambayo hakuna sheria iliyowahi kuizima kabisa. Upweke ule wa mtu na gitaa lake njia panda ulihitaji ukoo uvunjwe hadi mwisho, na huku ukoo ulijeruhiwa ukabaki.

Sehemu ya mwisho ya safari hii ilitokea katika uhai wetu. Katika karne ya 19 majahazi ya Kilwa na ya bandari nyingine za pwani yetu yalishusha watu pia kwenye pwani ya Benadir, huko Somalia: Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo. Wengine walitoroka na kujenga vijiji kando ya mto Juba. Waliendelea kulima mahindi na kucheza ngoma zao, wakidharauliwa na waliowazunguka. Vita vilipoanza mwaka 1991 waliporwa kabla ya wengine, wakakimbilia Dadaab nchini Kenya. Baadhi ya Wazigua walipokelewa Tanzania, Chogo, wilayani Handeni, na kupewa uraia wa nchi walikochukuliwa mababu zao. Wengine, kiasi cha 13,000, Marekani ilikubali kuwapokea, na kuanzia mwaka 2003 walisafirishwa kwenda miji kadhaa, Lewiston ya Maine ikiwa mmojawapo wa miji waliyoikimbilia baadaye. Kwa hiyo wajukuu wa njia ya Kilwa wameingia Amerika hatimaye, wamepanda ndege, karne moja baada ya bluzi kuzaliwa, na ngoma zao zinapigwa harusini kwenye kumbi za kukodi zenye mabomba ya joto. Watoto wao wanasikiliza muziki wa watu weusi wa Marekani. Kitakachotoka humo kitakuwa undugu wa kweli kati ya Kusini yetu na muziki ule.

Kuna kazi moja ambayo ingeweza kuanza sasa hivi, na haihitaji fedha nyingi. Sauti za 1906 zilizoko Berlin ziletwe, zinakiliwe, zisikilizwe Masasi, Nachingwea na Ruangwa na makungwi na ngariba ambao bado wanafanya kazi. Msomi atasikia mizani na vipimo. Kungwi atasikia kama wimbo ni wa siku ya kuingia au ya kutoka, kama umeimbwa na mtu anayestahili kuuimba, na kama kiitikio kimekosewa. Kisha sauti hizo hizo zipelekwe kwa wapiga msondo wa Sur, kwa Wasidi wa Ratanpor na kwa watikisa kayamb wa Réunion, na majibu yao yarekodiwe pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Wa kwanza kuulizwa wawe wanawake wa unyago, kwa sababu wao ndio waliobeba mzigo huu mrefu kuliko wote. Na swali la kwanza liwe rahisi: wimbo huu ukianza hivi, unaitikiwaje?